Kumi Nukta Nne: Jinsi Shabaha na Alama za Bunduki Zinavyopimwa

Tarehe 29 Julai 2024, huko Châteauroux nchini Ufaransa, fainali ya Olimpiki ya bunduki ya upepo mita 10 kwa wanawake ilifika risasi ya mwisho bila kupata mshindi. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini na Huang Yuting wa China walikuwa wamepiga risasi 24 kila mmoja, na jumla zao zilikuwa sawa kabisa: 251.8 kwa 251.8. Wakaongezewa risasi moja moja. Ban akapata 10.4, Huang akapata 10.3. Ban, aliyekuwa na umri wa miaka 16, akatwaa dhahabu, na ikawa dhahabu ya 100 ya nchi yake katika Olimpiki za majira ya joto.

Kwa mtazamaji aliyezoea mabao na sekunde, matokeo hayo yanaacha swali. Hiyo sehemu moja ya kumi ni ya nini? Shabaha ina maduara yaliyohesabiwa moja hadi kumi, kila mtu ameyaona hata kwenye picha. Kumi ni kumi. Sasa nukta nne na nukta tatu zinatoka wapi, nani anazipima, na kwa nini haipatikani 11?

Tuanze na karatasi yenyewe, kwa sababu vipimo vyake kwa mara ya kwanza vinashangaza. Shabaha ya bunduki ya upepo ya mita 10, kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF), ina maduara kumi. Duara la 1, lililo la nje kabisa, lina kipenyo cha milimita 45.5. Duara la 9 lina milimita 5.5. Na kumi yenyewe si duara la kuonekana kama duara, ni nukta nyeupe yenye upana wa nusu milimita, 0.5. Chukua kalamu ya wino uguse karatasi bila kukandamiza. Alama utakayoiacha inakaribia ukubwa huo. Mlengaji amesimama mita kumi kutoka hapo, bunduki ikiwa mikononi mwake bila kuegemea kitu chochote, na anaipiga nukta hiyo mara kwa mara kiasi kwamba ya tisa huhesabika kuwa bahati mbaya.

Ukiishia hapo utaamini kwamba hawa ni watu wa ajabu kuliko walivyo. Ni hodari kweli, ila hawaipigi nukta ya nusu milimita kwa maana unayoifikiria. Risasi ya bunduki ya upepo ina upana wa milimita 4.5, yaani mara tisa ya upana wa nukta. Na kanuni ni kwamba tundu likigusa duara la juu, hata kwa ukingo tu, mpigaji anapewa alama ya duara hilo la juu. Kwa hiyo risasi haihitaji kutua katikati ya nukta. Inatosha ukingo wake uiguse.

Fanya hesabu. Nusu ya upana wa nukta ni milimita 0.25. Nusu ya upana wa risasi ni 2.25. Zijumlishe: 2.5. Hiyo ndiyo kumi halisi. Mradi katikati ya risasi haijapita milimita 2.5 kutoka katikati ya shabaha, ukingo unaigusa nukta na kumi imepatikana. Eneo ambalo mlengaji anapaswa kulipata kwa kitovu cha risasi yake lina upana wa milimita 5, mara kumi ya kile kilichochapwa.

Hapa ndipo vipimo vya ajabu vya shabaha vinapoeleweka. Kwa nini 5.5, 10.5, 15.5, 20.5, badala ya namba nzima? Kwa sababu karatasi inaonyesha nusu ya habari tu. Ongeza upana wa risasi, 4.5, kwenye kila kipenyo: nukta inakuwa 5, duara la 9 linakuwa 10, la 8 linakuwa 15, la 7 linakuwa 20, na hivyo hivyo hadi la 1 linalokuwa 50. Namba zote zimenyooka. Shabaha ya mita 50, inayopigwa kwa bunduki ya kaliba ya .22 yenye risasi ya milimita 5.6, ina mpangilio uleule. Duara lake la 10 lina milimita 10.4, la 9 lina 26.4, la 8 lina 42.4, la mwisho 154.4. Ongeza 5.6: unapata 16, 32, 48, na mwisho 160. Kinachopimwa kwenye mchezo huu ni kitu kimoja tu, umbali kati ya kitovu cha tundu na kitovu cha shabaha. Maduara yaliyochapwa ni njia ya kuuonyesha umbali huo kwa jicho, baada ya kupunguza unene wa risasi.

Ukilishika hilo, desimali hazina fumbo. Kwenye mita 10, kutoka duara moja hadi jingine ni milimita 2.5 za umbali. Gawanya umbali huo mara kumi na kila sehemu inakuwa robo milimita. Kitovu cha risasi kikiwa kati ya 2.25 na 2.5 kutoka katikati, alama ni 10.0. Kikisogea ndani kwa robo milimita, 10.1. Robo nyingine, 10.2. Endelea hivyo hadi ubakiwe na kiduara kidogo cha mwisho, ambamo kitovu cha risasi hakijaachana na kitovu cha shabaha kwa zaidi ya robo milimita. Hiyo ni 10.9. Baada ya hapo hakuna pa kwenda. Ngazi zinazotoka 2.5 hadi sifuri kwa hatua za robo ni kumi kamili, kuanzia nukta sifuri hadi nukta tisa. Risasi iliyotua katikati kabisa, kimahesabu, nayo ni 10.9, ndiyo maana 11 haipo.

Kuna kanuni fupi ninayoipenda kwa sababu inageuza alama yoyote kuwa umbali. Toa alama kutoka 11, kisha zidisha kwa 2.5 kama ni mita 10, au kwa 8 kama ni bunduki ya mita 50. Jibu ni milimita, umbali wa mbali zaidi ambao risasi ya alama hiyo ingeweza kuwa nao. Ijaribu kwa 10.0: moja mara 2.5 ni 2.5, kama tulivyoona. Kwa 9.0 ni milimita 5.

Sasa ile risasi ya Châteauroux. 10.4 ya Ban maana yake kitovu cha risasi yake kilikuwa zaidi ya milimita 1.25 kutoka katikati lakini hakikupita 1.5. 10.3 ya Huang ilikuwa zaidi ya 1.5 lakini haikupita 1.75. Tofauti yao haikuweza kufika hata nusu milimita, na ingeweza kuwa chini ya upana wa unywele. Upande risasi ilikoelekea hauna maana yoyote: ya Ban ingeweza kuwa juu na ya Huang chini kulia, na hesabu isingebadilika. Na tukumbuke walishapiga 24 kabla ya hapo, jumla ya juu kabisa inayowezekana ikiwa 261.6, wakiwa na wastani wa karibu 10.49 kila mmoja. Watu wawili wakakaribia kitovu kwa kiwango kilekile kwa risasi 24, kisha ngazi moja ya robo milimita ikawatenganisha.

Jambo linalowachanganya wengi ni lile eneo jeusi. Kwenye shabaha ya mita 10, weusi unaanzia duara la 4 hadi la 9 na una upana wa milimita 30.5. Mtu anaweza kudhani kwamba kupata weusi ndiko kupata shabaha. Sivyo. Weusi upo kwa ajili ya jicho. Jicho lenye afya hutenganisha vitu kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, na kwa mita 10 pembe hiyo ni sawa na milimita 2.9. Nukta ya nusu milimita haionekani kabisa ukiwa kwenye mstari wa kupigia, na bunduki hizi haziruhusiwi kuwa na darubini. Kwa hiyo mlengaji haangalii kumi. Anachokitazama kupitia tundu dogo la nyuma ni mduara mweusi ukiwa ndani ya pete ya kulengea iliyo mbele ya mtutu, na kazi yake ni kuhakikisha ukanda mweupe unaobaki kati ya pete na weusi una upana uleule pande zote. Jicho la binadamu halioni nukta hiyo, lakini linatambua vizuri mno pale mduara mmoja unapokuwa umeegemea upande ndani ya mwingine. Usahihi wote wa mchezo umejengwa juu ya uwezo huo.

Hata hivyo weusi hauongezeki kwa uwiano sawa kabisa na masafa. Mita 50 una milimita 112.4, mita 300 una 600. Ukiyachukulia yote kana kwamba yako mita 100, unapata milimita 305, 225 na 200. Mlengaji wa mita 300 anaona kitu kidogo kuliko mwenzake wa mita 10, ila si kidogo sana.

Zoezi hilohilo la kuvileta vipimo kwenye mita 100 linafichua kitu kingine, na kwangu hili ndilo tamu kuliko yote. Linganisha kumi zilizochapwa kwenye karatasi. Nukta ya mita 10 ingekuwa milimita 5. Duara la 10 la mita 50 lingekuwa 20.8. Duara la 10 la mita 300, ambalo lina milimita 100, lingekuwa 33. Kwa mtazamo huo bunduki ya upepo ni ngumu mara nne kuliko ya mita 50. Sasa ongeza upana wa risasi, upime eneo halisi la kitovu: milimita 5 za mita 10 zinakuwa 50, milimita 16 za mita 50 zinakuwa 32, na mita 300, kwa risasi ya milimita 8 ambayo ndiyo kaliba kubwa inayoruhusiwa, zinakuwa 36. Mpangilio umepinduka. Kumi ya bunduki ya upepo ndiyo pana kuliko zote kwa pembe, na ya mita 50 ndiyo nyembamba. Juu ya hapo ya mita 50 inapigwa nje, na upepo unaisogeza risasi nyepesi ya .22 kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani. Bunduki ya upepo inapigwa ndani ya ukumbi. Unapoona jumla za mita 10 zikiwa juu kuliko za mita 50, usiharakishe kusema wa mita 10 ni hodari zaidi.

Kumi ya mita 300 haikutengenezwa kwa ustadi huo wa kupunguza risasi. Maduara yake yanakwenda kwa mamia kamili: 100, 200, 300, hadi milimita 1000, mita moja nzima. Kwa umbali huo unene wa risasi ni sehemu ndogo ya kipimo, kwa hiyo hauleti tofauti kubwa.

Zamani, na bado katika vilabu vingi, haya yote yalipimwa kwa mkono. Risasi za bunduki ya upepo zina kichwa bapa kwa sababu hii hasa: kichwa bapa kinakata karatasi kama kipekecho cha ofisini na kuacha tundu la mviringo safi, wakati kichwa chenye ncha kingeichana tu. Hata hivyo karatasi ina tabia ya kurudi. Tundu hubaki dogo kidogo kuliko risasi iliyolitoboa, kingo zake zikiwa na nyuzi, na risasi ya .22 yenye kichwa cha mviringo huacha tundu chakavu zaidi. Ukilitazama kwa macho tu utasema halikugusa mstari, kumbe risasi iligusa.

Ndipo inapokuja geji. Ni kijiti cha chuma chenye ncha inayoingia kwenye tundu na ukingo wa mviringo uliochongwa kwa upana kamili wa risasi: milimita 4.5 kwa bunduki ya upepo, 5.6 kwa .22. Mwamuzi anaiingiza taratibu, karatasi ikiwa imelala bapa, kisha anatazama kwa lenzi kama ukingo unagusa duara. Geji inarudisha risasi mahali ilipopita, kwa unene wake kamili. Inaingizwa mara moja tu kwa kila tundu lenye utata, kwa sababu kila kuingizwa kunalipanua, na ukilipanua vya kutosha kila tisa itakuwa kumi.

Kwa bunduki ya upepo kuna kikwazo cha ziada. Risasi nzuri inaifuta nukta yote. Sasa utajuaje kama iliigusa, wakati hakuna tena cha kuangalia? Jibu ni geji ya pili, yenye ukingo mpana zaidi, milimita 5.5, inayosomwa kwa nje. Kwa kuwa kumi inaruhusu kitovu kusogea hadi milimita 2.5, na nusu ya ukingo huo ni 2.75, ukingo wa nje wa geji hautapita milimita 5.25 kutoka katikati ya shabaha. Tazama duara la 8: kipenyo chake ni 10.5, nusu yake ni 5.25. Kwa hiyo mwamuzi haangalii kumi iliyopotea. Anaangalia kama geji imebaki ndani ya duara la 8, ambalo bado lipo zima. Ikiwa imebaki ndani, ni kumi. Aliyebuni kipimo hicho alistahili kupewa medali yake mwenyewe.

Geji ilikuwa na kikomo: inaamua kama ni tisa au kumi, haitoi desimali. Kupata robo milimita kwa kila risasi, kwa watu 60 wanaopiga kwa wakati mmoja, kulihitaji shabaha za kielektroniki. Zipo za aina mbili kuu. Moja husikiliza. Nyuma ya uso wa shabaha kuna chumba kilichofungwa kwa utando wa mpira au ukanda wa karatasi, na pembeni maikrofoni kadhaa. Risasi ikipenya, sauti inasafiri kwenda kwa kila maikrofoni, na inafika kwa nyakati tofauti kulingana na umbali. Kompyuta inalinganisha nyakati hizo na kupata mahali risasi ilipopenya. Sauti husafiri hewani kwa karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo robo milimita ni tofauti ya chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Na kwa kuwa kasi ya sauti huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, mashine lazima ijue joto la hewa iliyomo ndani, la sivyo itasoma vibaya. Aina ya pili hutumia mwanga: miali inavuka uso wa shabaha kwa mlalo na kwa wima, risasi inaikata, na mashine inaona ilikatwa wapi. Hii haisumbuliwi na joto wala kelele.

ISSF inataka mashine hizi ziwe na usahihi wa angalau nusu ya hatua moja ya desimali. Kwa mita 10 hiyo ni milimita 0.125. Mlengaji anaweza kupinga alama aliyoonyeshwa, lakini si jambo la kujaribu bahati: akipinga thamani ya risasi na ikathibitika mashine ilikuwa sahihi, anakatwa pointi mbili. Katika mchezo ambapo dhahabu inaamuliwa kwa sehemu ya kumi, pointi mbili ni shimo refu.

Kwa nini basi watu waliingia kwenye desimali, badala ya kubaki na namba nzima ambazo kila mtu anazielewa? Jibu moja ni Sergei Martynov wa Belarusi. Katika Olimpiki ya London 2012, kwenye mashindano ya kulala kifudifudi mita 50, alipiga risasi 60 za mchujo na kupata 600 kati ya 600. Fainali yake ya risasi kumi, ambayo tayari ilipimwa kwa desimali, ilikuwa 105.5, jumla ikawa 705.5 na rekodi ya dunia. Lakini rudi kwenye ile 600. Kipimo kilikuwa kimefika dari. Hakuna namba ambayo ingeweza kusema alikuwa bora kiasi gani, wala ya kumtofautisha na mtu mwingine ambaye naye angepata 600 kwa kugusa mistari. Mwaka uliofuata, 2013, ISSF ikaanza kuhesabu mchujo wa bunduki ya upepo na wa kulala kifudifudi kwa desimali. Dari sasa ni 654.0 kwa risasi 60, na hakuna anayelifikia. Mwaka huohuo fainali zikaanza kuhesabiwa kutoka sifuri, bila mtu kuingia na alama za mchujo.

Mabadiliko hayo yaligusa zaidi ya mwonekano wa ubao. Chukua walengaji wawili wa kubuni. Wa kwanza anapiga risasi 60 zote 10.1, kila moja ikiifuta nukta kwa sehemu tu. Wa pili anapiga 54 za 10.5 na sita za 9.9. Kwa namba nzima wa kwanza ana 600, wa pili ana 594, na hawako karibu hata kidogo. Kwa desimali wa kwanza ana 606.0 na wa pili 626.4. Wa pili anashinda kwa pengo kubwa. Nani bora? Mimi nasema wa pili, bila kusita. Risasi zake zilikuwa karibu zaidi na kitovu kwa kila kipimo cha maana, na zile sita za 9.9 zilikosa kumi kwa robo milimita au pungufu. Namba nzima ilimwadhibu pointi nzima kwa kila robo milimita hiyo, na wakati huohuo ikampa mwenzake kumi sawa na kumi yoyote.

Hata hivyo namba nzima haijafa. Mchujo wa mikao mitatu kwa bunduki ya mita 50, yaani kupiga magoti, kulala na kusimama, risasi 20 kwa kila mkao, bado unahesabiwa kwa pointi nzima na dari yake ni 600. Fainali ndiyo ya desimali. Watu wakilingana kwenye mchujo, zinahesabiwa kumi za ndani. Kwa shabaha ya mita 50 kumi ya ndani ni duara la milimita 5 lililo ndani ya kumi. Kwa bunduki ya upepo isingewezekana kuweka duara ndani ya nukta ya nusu milimita, kwa hiyo kumi ya ndani ni ile iliyoifuta nukta yote, jambo linalotokea kitovu cha risasi kikiwa ndani ya milimita 2, sawa na 10.2 kwenda juu.

Hapo kuna mtego wa kusoma matokeo. Ukiona 594-35x, hiyo 35 ni idadi ya kumi za ndani. Kwenye mashindano ya masafa marefu ya mtindo wa Kiingereza, kama yale ya Bisley, kitovu kina thamani ya pointi 5 na ndani yake kuna duara dogo liitwalo V. Mtu aliyepiga risasi kumi anaweza kuandikiwa 50.7. Si hamsini na sehemu saba za kumi. Ni pointi 50 kamili, na saba kati ya risasi hizo ziliingia V. Nukta hiyohiyo, kwenye matokeo ya ISSF, ingekuwa desimali.

Baiatloni nayo imeachana na maduara moja kwa moja. Wanapiga mita 50 wakitoka kuteleza kwenye theluji, moyo ukidunda, na shabaha ni visahani vitano. Ukiwa umelala lazima upate eneo la milimita 45, ukiwa umesimama milimita 115. Umepata au umekosa. Kukosa kunalipwa kwa kuzunguka njia ya adhabu ya mita 150 au kuongezewa muda, kutegemea aina ya mbio.

Kuna hasara nyingine ambayo haipimwi kwa milimita. Risasi ikitua kwenye shabaha ya jirani, thamani yake kwako ni sifuri, hata ingekuwa nzuri namna gani. Athens 2004, fainali ya mikao mitatu, Matthew Emmons wa Marekani aliingia risasi ya mwisho akiongoza kwa pointi tatu. Alipiga 8.1, alama ambayo ingemtosha. Ila aliipiga kwenye shabaha ya mlengaji wa njia ya tatu, wakati yeye alikuwa njia ya pili. Jia Zhanbo wa China akachukua dhahabu.

Yote hayo ni kipimo cha umbali kutoka kitovu cha shabaha. Walengaji wenyewe, wakiwa mazoezini, hutumia pia kipimo cha pili ambacho hakijali shabaha iko wapi: ukubwa wa kundi la matundu. Unapima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lile lililo mbali nalo zaidi, kisha unatoa upana wa risasi moja, na unabaki na umbali wa kitovu kwa kitovu. Kundi linaonyesha bunduki, risasi na mpigaji wanaelewana kiasi gani. Alama inaongeza swali la pili, kama vifaa vya kulengea vimeelekezwa mahali pake.

Na swali hilo ni zito. Tuseme mtu ana kundi safi la milimita 5 kwenye mita 10. Likikaa juu ya kitovu, risasi zote ni kumi. Likihama milimita 2.5 kulia, bila kupanuka hata kidogo, zaidi ya nusu zinaweza kugeuka tisa. Ndiyo maana kabla ya risasi ya kwanza ya kuhesabiwa wanapewa dakika 15 za maandalizi na majaribio, wapige wapendavyo bila kuandikiwa alama, shabaha ikiwa na mstari mweusi wa mshazari kwenye kona ya juu kulia kuonyesha kuwa ni ya majaribio. Dakika hizo ni za kulisogeza kundi, kwa mbofyo mmoja mmoja wa vifaa vya kulengea, mpaka katikati yake ilingane na katikati ya shabaha.